Utajiri wa ukutani, utajiri wa kapuni

Pembe za ndovu zimepamba nyumba za matajiri tangu Roma ya kale hadi Unguja. Katika misitu ya Warega zilitunzwa kwa namna nyingine kabisa.

Mwezi Aprili 1893, askari wa Francis Dhanis waliingia Kasongo wakitafuta maadui, wakakuta vitanda. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyelitumikia jeshi lile la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliandika baadaye kwamba hata askari wa kawaida walilalia magodoro ya hariri na atlasi, katika vitanda vya kuchongwa vilivyotandwa vyandarua vya hariri. Chumba alichojitwalia yeye kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, na mlango wake ulifungukia bustani ya michungwa. Mjini mlikuwa na mishumaa, sukari, viberiti, bilauri za kioo na vyombo vya fedha. Haya yote yalikuwa Maniema, katikati ya bara, mwendo wa miezi kwa miguu kutoka Bagamoyo.

Wenye nyumba hizo walikuwa Waarabu na Waungwana wa Pwani. Mkubwa wao siku hizo alikuwa Sefu bin Hamed, mwana wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip. Walijenga kwa udongo wa papo hapo, kisha wakajaza ndani vitu vya mbali. Walilipia vitu hivyo kwa pembe za ndovu, na kwa binadamu waliokamatwa wakabebeshwa pembe hizo. Njia walizopita ndizo zilizotuletea Kiswahili. Bila misafara ile, msomaji wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, asingekuwa anausoma ukurasa huu kwa lugha hii.

Historia ya pembe imeandikwa mara nyingi kama historia ya biashara na vita. Hapa tuifuate kwa mlango mwingine: nyumba zilizopambwa kwa fedha yake. Kila tajiri anayepamba nyumba huwa ameamua jambo moja kabla hata ya kumwita fundi, nalo ni nani atakayeruhusiwa kuona. Roma iliamua hivi, Lamu vile, Unguja vingine. Na uamuzi uliofanywa karibu nasi zaidi, ng'ambo tu ya Walikale, ndio tusiousoma shuleni.

Roma: mgeni aone mapema

Mji wa Pompeii, kusini mwa Italia, ulifunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Watu wa Goma wanajua moto wa mlima unavyomeza mtaa. Kule majivu yaliumeza mji, lakini yakauhifadhi. Uchimbaji ulipoanza mwaka 1748, kuta zilianza kutokeza na rangi zake.

Nyumba inayozungumzwa sana ni ile ya akina Vettii. Inaaminika wenyewe walikuwa Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus, watu waliowahi kuwa watumwa, wakaachwa huru, wakatajirika kwa biashara. Ukiingia kutoka barabarani unapokewa na ukumbi ulio wazi juu, mvua ikiangukia kwenye birika katikati. Humo mlikuwa na makasha mawili makubwa ya kuwekea mali, yamewekwa mahali ambapo mgeni hawezi kuyakosa. Mbele zaidi kuna bustani yenye nguzo, sanamu na chemchemi, na vyumba vya kulia chakula vilivyochorwa hadithi za miungu. Katika chumba kimoja, chini ya picha kubwa, umepita mkanda mwembamba wa picha za vitoto vyenye mabawa vikifanya kazi: vinakamua mafuta ya manukato, vinafua dhahabu, vinauza divai. Kazi hizo katika mji halisi zilifanywa na watumwa. Waliokuwa watumwa jana waliagiza kazi ya mtumwa igeuzwe mchezo wa malaika ukutani.

Picha hizo zilichorwa juu ya chokaa mbichi, ili rangi inywewe na ukuta na kukauka nao. Ndiyo maana zimedumu. Nyekundu ya zingifuri ilikuwa ghali mno, ikitoka Hispania. Mwandishi Plinius Mkubwa anasema mwenye nyumba aliinunua mwenyewe na kumkabidhi mchoraji. Sakafu zilitandikwa vijiwe vidogo vya rangi, kimoja kimoja, mpaka vikatoa picha ya samaki au ya vita. Kila asubuhi watu waliomtegemea tajiri walifika ukumbini kumwamkia na kueleza shida zao. Pambo liliwekwa pale wao wanaposubiri. Lilikuwa linawaambia wameomba kwa nani.

Na pembe? Dio Cassius, mwanahistoria wa Roma, anasimulia kwamba mwanafalsafa Seneca, aliyehubiri kiasi, alikuwa na meza 500 zenye miguu ya pembe. Sehemu ya pembe za enzi hizo ilitoka upande wetu wa dunia. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinaitaja Rhapta, bandari katika pwani ya Afrika Mashariki, na kueleza kwamba pembe nyingi zilisafirishwa kutoka huko. Pwani ilikuwa imeshaingia katika ukumbi wa Mroma kabla hata Kasongo haijawa kijiji.

Lamu: mgeni asione kabisa

Tajiri wa Kiswahili aliamua kinyume. Ukipita vichochoro vya Lamu unaona kuta ndefu, tupu, zisizosema kitu. Mgeni wa kawaida anaishia kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili. Anayeruhusiwa anavuka hadi kiwanda, ua wa ndani. Halafu vinafuata vyumba: msana wa kwanza, msana wa pili, na baada yake chumba kiitwacho ndani. Kila hatua unapanda kidogo, mwanga unapungua, na pambo linaongezeka. Kwenye ukuta wa ndani kabisa ndipo palipo na zidaka: safu kwa safu za vishubaka vilivyotengenezwa kwa chokaa na kuzungushiwa nakshi, kila kimoja na tao lake. Zilizobaki nzuri zaidi, Lamu na Pate, ni za karne ya 18.

Vifaa vilitoka baharini. Kuta ni za matumbawe. Yale yanayokatwa yangali mabichi huwa laini, fundi akayachonga kabla hayajawa magumu. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu kupita kiasi, vyumba vya Waswahili viliishia kuwa vyembamba na virefu. Ndani ya zidaka mliwekwa sahani na mabakuli ya Uchina, vitabu na vyombo vya shaba.

Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyezungumza na wenye nyumba za Lamu, alieleza kwamba vyombo hivyo vya Uchina havikuwa vya fahari tu. Chumba cha ndani ndicho watu walimozaliwa na walimooshewa maiti zao. Sahani ziliaminika kulipokea jicho baya kabla halijamfikia mwenye nyumba, na sahani ikipasuka, watu walijua imeshafanya kazi yake. Pambo hilo lililinda familia mahali ambapo familia iko hatarini zaidi.

Kusini zaidi, desturi ya kujenga kwa mawe na kupamba ilikuwapo karne kadhaa kabla ya nyumba hizo. Kilwa Kisiwani, sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, jumba lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea lenye pembe nane, likitazama bahari kutoka juu ya jabali. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani huyo kwa ukarimu. Kilwa ilikaa juu ya njia ya dhahabu kutoka Sofala, na pembe ziliambatana na dhahabu.

Unguja: mlango ubebe jina

Karne ya 19 Unguja iligeuza mambo. Seyyid Said alihamishia makao yake huko kutoka Oman, karafuu ikapandwa, wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kimarekani wakafungua maduka, na bei ya pembe ikapanda mwaka hadi mwaka. Huko Connecticut, Marekani, kulikua mji mdogo uliopewa jina la Ivoryton, mji wa pembe, ambako pembe za Afrika zilikatwa vipande vyembamba vya kufunikia vibao vya piano. Nyimbo za sebuleni za Wamarekani zilipigwa juu ya ndovu wetu.

Fedha hiyo ilijitokeza mlangoni. Fundi wa nakshi alichonga kizingiti, miimo na mfaa, ile nguzo ya katikati inayofunika mahali mbawa mbili zinapokutana. Alichonga mayungiyungi, minyororo, samaki, mitende. Milango ya zamani ina kizingiti kilichonyooka, mara nyingi na maandishi ya Kiarabu. Iliyofuata ikaja na tao juu na maua mazito kwa mtindo wa Gujarati, pamoja na vichwa vikubwa vya shaba vilivyochongoka. Kuta za nyumba ziliendelea kuwa nyeupe na tupu. Mpita njia hakuingia ndani, lakini alijua mwenye nyumba ni nani kabla hajabisha hodi.

Majina mawili yanafunga Mji Mkongwe na misitu ya Kongo moja kwa moja. La kwanza ni Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyekopesha misafara ya bara, ya Tippu Tip ikiwa miongoni mwao. Jengo la zahanati aliloanzisha mwaka 1887, ambalo leo linaitwa Zahanati ya Zamani, limepambwa kwa roshani za mbao zilizochongwa kama kitambaa cha lasi. Jina la pili ni Tippu Tip mwenyewe. Aliondoka Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1890, akatulia Unguja, akasimulia maisha yake kwa Kiswahili, akafariki mwaka 1905. Nyumba yake ingali Mji Mkongwe, ngazi za mawe meusi na meupe mbele ya mlango wa nakshi. Watalii huupiga picha. Mti wa mlango ule unaweza kuwa umetoka kokote. Fedha ya kuununua ilitoka kwetu.

Ndiyo maana Kasongo ya mwaka 1893 haikuwa ajabu. Ilikuwa nakala ya Unguja, iliyobebwa mabegani hatua kwa hatua kupitia Tabora, Ujiji na Ziwa Tanganyika. Mizigo ya vitambaa, shanga na bilauri ilipanda kuja bara. Mizigo ya pembe ilishuka kwenda Pwani. Na kati ya walioibeba, wengi hawakurudi. Hapa Roma na Unguja zinakutana: ukitaka kujua uzito wa pambo, hesabu migongo iliyolibeba. Na tofauti na Pompeii, Kasongo haikuhifadhiwa na majivu. Kuta zile za udongo zilirudi ardhini.

Warega: aone aliyestahili

Sasa tugeukie upande wa pili wa mzani. Katika msitu ule ule uliotoa pembe, kati ya Shabunda, Pangi na Mwenga, Warega walikuwa na matumizi yao ya pembe, yasiyohusu ukuta wala mlango. Ni jirani zetu wa kusini mwa Walikale, na Wakano wa Walikale wana udugu nao.

Kwao cheo hakikurithiwa kwa kuzaliwa. Mtu alipanda ngazi za Bwami, chama cha wanaume na wake zao, kwa kulipa mali, kwa kuungwa mkono na ukoo, na kwa tabia iliyopimwa miaka mingi. Mgomvi mwenye mali nyingi angeweza kubaki chini. Ngazi ya juu kabisa ni kindi, na chini yake yananio. Mtu wa yananio alikuwa na lukwakongo, uso mdogo wa mti wenye ndevu za nyuzi, mara nyingi usiozidi kiganja kilichokunjuliwa. Mtu wa kindi aliruhusiwa kuwa na uso wa pembe, lukungu, na vinyago vidogo vya pembe viitwavyo iginga.

Tajiri wa namna hiyo ungemtembelea nyumbani usione chochote. Nyumba yake ilikuwa ya miti na majani kama ya wengine. Hazina ilikuwa kapuni au mkobani, imefungwa. Ilitoka siku ya kumwingiza mtu ngazi mpya, mbele ya waliostahili tu. Hapo nyuso zilipangwa juu ya ua, zikafungwa mkononi, zikawekwa kwenye paji la uso, zikaburutwa kwa ndevu zake chini, huku ngoma na methali zikieleza kila tendo. Ni nadra zilivaliwa usoni jinsi mgeni anavyodhani barakoa huvaliwa. Sherehe ikiisha, zilirudi kapuni.

Kimojawapo cha vinyago hivyo kinaitwa Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi. Mgeni huona kiumbe cha kutisha. Mwana Bwami alifundishwa kuona mtu mwenye hekima, anayetazama pande zote kabla ya kuamua. Bila methali yake, kinyago hakifundishi kitu. Na kila kinyago kilipakwa mafuta na kupapaswa kwa mikono ya vizazi mpaka pembe ikawa ya rangi ya asali. Mwenye nacho akifariki, kilipita kwa mrithi wake, kikimkumbusha aliyekishika kabla yake na tabia aliyokuwa nayo.

Waroma nao walikuwa na kitu kama hicho. Familia za waheshimiwa zilihifadhi nyuso za nta za mababu waliowahi kushika vyeo, ndani ya makabati ukumbini, na kuzitoa siku ya mazishi ya mkubwa ili mababu wamsindikize. Tofauti ilikuwa moja. Uso wa Mroma ulimsifu babu mbele ya mji mzima. Uso wa Mrega ulimhoji aliye hai mbele ya wenzake: umefikia alipofikia huyu?

Biashara ya misafara haikupita mbali na Bwami. Kofia za watu wa kindi zilishonewa mkia wa ndovu, na pia kauri za baharini, shanga za kioo na vifungo vya nguo za Ulaya. Kauri ilitoka Bahari ya Hindi ikapanda mpaka msituni. Pembe ikatoka msituni ikashuka mpaka baharini. Kila upande ulichukua kitu cha mwenzake ukakifanya alama ya mkubwa.

Nasi wa Walikale tuna mfano wetu katika utendi wa Mwindo. Shujaa wa Wanyanga hashindi kwa sababu ya jumba. Nguvu yake iko katika conga, usinga anaoushika mkononi tangu kuzaliwa, nao ndio unaomwezesha kushuka chini ya ardhi na kurudi, na kuwafufua watu wa kijiji cha Tubondo. Ufalme hapo ni kitu cha kushika mkononi, na shujaa mwenyewe mwishoni anafundishwa kuacha majivuno.

Kapu lilipofunguliwa na wengine

Mwaka 1948 utawala wa Kibelgiji uliipiga Bwami marufuku, ukiishuku kuwa chama cha uasi. Mtaalamu Daniel Biebuyck, aliyeishi na Warega miaka ya 1950, aliona kinyume chake: shule ya maadili iliyotumia sanaa kama kitabu. Lakini makapu yalikuwa yameshaanza kumwagika. Vinyago vilinunuliwa kwa bei ya kutupa, vilichukuliwa, vilisafirishwa. Leo vimo Tervuren karibu na Brussels, vimo Los Angeles katika jumba la Fowler, vimo katika nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani. Huko vimewekwa juu ya vigingi vya chuma, vikamulikwa taa, ukutani. Kitu kilichotengenezwa ili wachache wakione kwa muda mfupi, sasa kila mtu anakiona muda wote, na hakuna anayemwambia kinasema nini.

Mazungumzo ya kurudisha vitu hivi yameanza. Kinshasa ilifungua Makumbusho ya Taifa mapya mwaka 2019, na mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja na barakoa ya Kakuungu ya Wasuku, akaiacha kama mkopo usio na mwisho. Wengi walicheka neno mkopo, na walikuwa na haki. Hata hivyo, tukirudishiwa sanduku zima la lukwakongo kesho asubuhi, tutakuwa tumepata nusu tu.

Nusu ya pili iko midomoni mwa watu, na Walikale ilishaonyesha jinsi ya kuiokoa. Mwaka 1956 msimuliaji Candi Rureke aliusimulia utendi wa Mwindo mwanzo hadi mwisho; Biebuyck akauandika, na pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga na mtaalamu wa lugha, wakauchapisha mwaka 1969. Conga ya Mwindo haimo katika kabati la makumbusho yoyote, lakini mwanafunzi wa chuo kikuu popote duniani anaweza kusoma ilifanya nini.

Kuta za Pompeii zinajieleza zenyewe baada ya karne 19 kwa sababu zilichorwa ili mgeni yeyote aelewe. Hazina za msituni hazikutengenezwa hivyo, na hilo si upungufu wake; ndiyo thamani yake. Lakini katika nchi ambayo watu wamekimbia vijiji mara kwa mara, wazee wakatawanyika kambini na mijini, ulinzi wa kapu hautoshi tena. Shule za Walikale, Masisi na Shabunda zingeweza kumpa kila mwanafunzi wa sekondari kazi moja ya likizo: mtafute mzee mmoja, mwombe methali moja na maelezo ya kitu kimoja cha cheo, iandike kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, na pale mzee anapokataa kusema, andika kwamba amekataa. Hilo halihitaji idhini ya Brussels, wala bajeti ya Kinshasa.